Njia ya miguu kando ya Mto Mbezi, Goba hadi baharini: tuichambue kabla ya mkutano wa mtaa

Mwana wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Sisi tunaokaa ukanda wa Goba, Salasala na Mbezi Beach hapa Dar tuna mto unaotupitia katikati hadi baharini, na hatuukumbuki mpaka masika yaanze kumega kingo. Mtoto akitaka kuendesha baiskeli anaingia barabarani kugombania njia na bodaboda. Aliyeambiwa na daktari atembee kwa ajili ya presha au sukari anaishia kuzunguka uzio wake mwenyewe. Na hapohapo kuna ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni ambao haukutakiwa kujengwa kitu cha kudumu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinasema hivyo, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inalitaja eneo hilo miongoni mwa ardhi hatarishi. Kwenye karatasi tuna bustani inayoshuka kutoka vilimani hadi pwani. Teremka bondeni uone: pampasi, vifusi, matipa yanapakia mchanga, na kuta za watu zimesogezwa hadi zinaning'inia.

Napendekeza tuandike barua kuomba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Si lami wala pavingi. Udongo ulioshindiliwa, changarawe juu, upana wa mita mbili hivi, upande mmoja tu wa mto, na pale ukingo ulipo mbovu njia iachane na mto ipite mtaani halafu irudi. Tuanze na kipande kile ambacho watu tayari wanakikatiza kwenda shule na sokoni.

Kwa nini nalisukuma hili: tumeshaweka mabango, mgambo wameshakuja na kuondoka, faini zimeshatangazwa. Tipa linakuja saa tisa usiku kwa sababu linajua halitakutana na mtu. Penye wakimbiaji alfajiri, wanafunzi saa moja na wazee jioni, anayeiba mchanga na anayesogeza ukuta wote wanaonekana. Kwangu mimi njia hii ni ulinzi wa mto kwanza, mazoezi baadaye.

Karibuni mpinge.

Dume la Masika

Njia ya miguu barabarani kwenyewe tunaitafuta kwa tochi, leo unataka ya mtoni. Naweka kambi hapa, nataka kuona tunavyoishia 😂

Mama Wawili

Mleta mada, mimi ukuta wangu wa nyuma unapakana na mto. Umeniuliza? Enzi za Panya Road, yale magenge ya vijana wa mapanga, tulilala na mapanga chini ya kitanda, leo unataka kuwawekea barabara yao. Mbele nina geti, nina mlinzi, nina taa. Nyuma nina ukuta na vichaka, na namwomba Mungu vichaka viendelee kuwa vikubwa asipite mtu.

Halafu nani atafyeka? Nani atalipa umeme wa taa? Tunajua haya mambo, mnazindua na fulana na keki, mwezi wa tatu mabomba ya taa yameshang'olewa yako kwa wauza skrepa.

Mwana wa Bondeni

Dada, hoja yako naiheshimu kuliko zote, na ndiyo itakayoulizwa mkutanoni. Ila hivyo vichaka unavyoviombea vikue ndivyo vinavyowaficha. Ukiuliza waliovunjiwa mtaa wetu, wengi watakwambia waliingiliwa kwa nyuma. Si kwa barabarani.

Kuhusu taa, naona tusiweke kabisa. Njia iwe ya kuanzia alfajiri hadi magharibi, usiku ulinzi shirikishi wapite kwa tochi kama wanavyopita mitaani. Kukiwa na taa watu wataanza kuuza pombe kule.

Mama Wawili

Hapo kwenye pombe umesema kweli. Lakini sijakubali bado.

Bikoni

Mimi ni mpima, nimefanya kazi za urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, maeneo hayohayo mnayoyataja. Niwape picha halisi, maana mnaongelea mita 60 kana kwamba ziko pale zinawasubiri.

Kwanza, zinapimwa kutoka wapi? Ukingoni. Na ukingo wa mito yetu ya Kinondoni, iwe Mbezi, Tegeta au Nyakasangwe, haujatulia. Ukichukua ramani za zamani ukaziweka juu ya picha za satelaiti za sasa, kuna mahali mto umepanuka mara kadhaa. Yule aliyepimiwa kiwanja akiwa mbali na mto, leo yuko ndani ya hifadhi, na hati yake iko kabatini halali kabisa.

Pili, walio kandokando hawalingani. Kuna mwenye hati ya kabla ya sheria ya 2004. Kuna aliyeuziwa shamba na wenyeji kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Kuna aliyepitia urasimishaji, akakubali kuachia kipande cha barabara, na kwenye mchoro wa mipango miji kipande chake cha chini kikapakwa rangi ya kijani bila yeye kuelewa maana yake. Kuna aliyenunua kihalali kisha kila mwaka akamwaga kifusi na kusogeza ukuta. Mkiwaweka wote kapu moja mtapigwa mawe.

Tatu, na hapa nawaomba sana: MSIANDIKE BARUA INAYOOMBA MITA 60. Mkiomba mita 60 mtapewa wapiga rangi. Watu hapa Dar wanakumbuka Desemba 2015 bonde la Msimbazi, alama za X ukutani na greda nyuma yake. Mtu akisikia "hifadhi ya mto" hasikii ndege na miti, anasikia greda. Njia yenu ya mita mbili inahitaji ukanda wa mita tano, sita, basi. Ombeni haki ya kupita tu. Sheria ya Ardhi inatambua njia za umma zinazopita juu ya ardhi ya mtu, yeye anabaki na umiliki wake, nyinyi mnabaki na kupita. Anayevunjiwa chochote anathaminiwa na kulipwa. Kanuni za fidia za 2001 zina ardhi, mazao na majengo, na juu yake posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Kwa njia ya mita mbili mnaweza kukwepa karibu nyumba zote, mkabaki na kuta na migomba.

Mzee wa Ukingoni

Kijana Bikoni, asante. Leo nimesoma mtu anayejua.

Mimi nilinunua huku wakati mto huu kiangazi unauruka kwa hatua moja. Kulikuwa na miembe kati yangu na maji, na watoto wangu walikuwa wanashuka kuchota mchanga wa kuchezea. Miembe imekwenda. Banda la kuku likafuata. Mvua za mwisho wa 2023 kuingia 2024 zikachukua jiko la nje na nusu ya karo la majitaka. Nimepanga viroba vya mchanga, vikachanika kwa jua. Nimepanga matairi, nikayafunga kwa waya na kuyajaza udongo, yakashuka yote pamoja kwa usiku mmoja. Jirani aliyekuwa na uwezo akajenga ukuta wa mawe ya nyavu, yale yanayofungwa ndani ya nyavu za waya, wake umesimama, ila maji yanagonga pale yanakuja kwangu kwa hasira zaidi.

Kwenye ofisi moja niliambiwa mimi ni mvamizi wa mto. Nikamwambia yule mtoto, mimi sikuufuata mto, mto ndio umenifuata.

Sasa nauliza: njia yenu itapita wapi kwangu? Kutoka ukuta wa chumba hadi korongo sasa hivi ni hatua chache. Mkinipitisha mtu pale ataanguka.

Mwana wa Bondeni

Mzee shikamoo. Kwako haipiti chini. Hiyo ndiyo maana ya kuiacha njia iingie mtaani. Na mzee, kisa chako ndicho nataka kiwe kwenye barua, kwa sababu kinaonyesha mto unapanuka kwa sababu gani.

Kijana wa Tipa

Kila mtu anatutaja sisi bila kututaja. Haya nimekuja.

Nyumba zenu zote humo Goba, bloki, plasta, jamvi, mchanga umetoka wapi? Mlipokuwa mnajenga mlikuwa mnapiga simu "niletee tipa la mchanga wa mtoni, usiniletee wa shamba una udongo". Sasa mmeshahamia, mmepaka rangi, mnataka kukimbia asubuhi na viatu vyeupe, sisi ndio wezi. Pale mtoni kuna vijana wa koleo, kuna mama anawapikia, kuna anayekodisha toroli. Mkiweka njia yenu sawa, hao waende wapi?

Na kingine ambacho hamkijui: mvua ikipita mchanga unajaa wenyewe. Pale chini karibu na daraja usipotolewa maji yanapanda barabarani. Sisi tukiutoa tunaitwa waharibifu, usipotolewa mnalia mafuriko.

Bikoni

Kijana wa Tipa ana hoja nusu, na hiyo nusu ni nzuri.

Mchanga unaojaa karibu na daraja na kuelekea baharini, ni kweli unatakiwa kutolewa. Huko mto umelala, maji yanapunguza mwendo na kutua mzigo. Shida ni kwamba huko hakuchimbwi sana, kwa kuwa kuna macho. Kinachochimbwa ni juu, kwenye mteremko, nyuma ya nyumba za watu. Pale ukitoa mchanga unashusha kitanda cha mto. Ukingo unabaki juu umesimama wima bila mguu, maji yakija yanalamba chini, ukingo unakatika na chochote kilicho juu yake. Halafu ule udongo uliokatika unasafiri na kwenda kujaa darajani. Yaani mchanga wa darajani ni ukingo wa Mzee hapo juu. Nguzo za madaraja nazo zinaachwa wazi kwa mtindo huohuo.

Kibali cha kutoa mchanga mtoni lazima kipitie Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ikiwezekana kikundi cha vijana kipewe eneo la chini tu, kwa vipimo, na kazi ya juu isimame, hapo nyote mnapata.

Kijana wa Tipa

Kibali ukienda peke yako unazungushwa mpaka unakata tamaa. Mtaa wakiandika ni kitu kingine.

Zege Limwagwe

Kwa nini tuhangaike na changarawe? Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege chini ya DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar, ukipita sasa hivi unaona kazi. Tuombe zege huku na huku, juu yake watu watembee. Mambo ya udongo udongo ni ya kijijini.

Bikoni

Mto Ng'ombe unapita kwenye msongamano wa nyumba, Tandale huko, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine. Zege linayafanya maji yakimbie. Ukiyakimbiza huku Goba unawapelekea wa Mbezi Beach kwa kasi. Na bei ya mita moja ya kingo zile huwezi kuilinganisha na ya njia ya changarawe. Njia ya udongo ikichukuliwa na maji mnairudishia kwa msaragambo na malori machache ya kifusi. Zege likichimbuliwa chini linabaki limeinama pale miaka kumi mkisubiri bajeti.

Ukingo wa mteremko wa wastani, mianzi mguuni, nyasi za vetiva juu yake, majani ya kawaida yakifuata. Mizizi ya vetiva inashuka chini mita kadhaa, haitambai kwenda kwa jirani, na ng'ombe haipendi sana ikikomaa. Pale pa Mzee peke yake ndipo mawe ya nyavu yanahitajika, tena yajengwe kwa urefu wa kona nzima, si nyumba moja moja.

Njeri wa Ruaka

Hamjambo majirani. Niko Nairobi lakini nafuatilia.

Hoja ya mama hapo juu kuhusu usalama, hapa kwetu jibu lake ni Karura. Zamani msitu huo mtu alikuwa akiuogopa hata mchana, ulikuwa na sifa ya majambazi na maiti kutupwa. Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa pale mwaka wa 1999 akizuia viwanja kugawiwa. Baadaye Shirika la Misitu na Marafiki wa Karura wakaweka ua wa umeme na maaskari wa msitu, wakawachukua vijana wa makazi yaliyo kando ya msitu kufanya kazi, wakafungua njia za kutembea na baiskeli. Leo wanawake wanakimbia peke yao humo. Lakini kuna kiingilio getini, na kwa miaka mingi pesa hiyo ndiyo iliyolipa wafanyakazi. Njia yenu ya wazi haitakuwa na geti, kwa hiyo mshahara wa anayefagia lazima mjue utatoka wapi kabla ya kuanza.

Mfano wa pili ni Michuki Park kando ya Mto Nairobi, pale karibu na mzunguko wa barabara wa Globe. Pale palikuwa dampo na gereji. Waziri John Michuki akapasafisha mwaka wa 2008, pakapendeza, halafu alipoondoka pakarudi kuwa vichaka na makao ya wahuni hadi paliporekebishwa tena kuanzia 2020. Pahali ni palepale, mto ni uleule. Tofauti ilikuwa tu kama kuna mtu ameajiriwa kuamka asubuhi aende pale.

Na mwambieni Bikoni yuko sahihi kuhusu greda. Mafuriko ya 2024 yalipokuja hapa, waliobomolewa haraka kando ya mito walikuwa wa mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru. Kuta za wenye pesa zilichukua muda.

Dume la Masika

Nimekuja kucheka nimejikuta nasoma. Endeleeni.

Mbongo wa Colorado

Niko Boulder, Colorado. Huku kuna njia ya miguu na baiskeli inafuata kijito cha Boulder Creek katikati ya mji. Nataka kusema kitu kimoja tu ambacho sijaona mkikitaja: njia ikikutana na barabara kubwa, huku inapita CHINI ya daraja, kandokando ya maji. Maji yakijaa, kipande kile kinazama, wanafunga kwa siku chache, wanapiga koleo tope, wanafungua. Mafuriko makubwa ya Septemba 2013 yaliharibu sehemu nyingi, wakatengeneza tena. Hawakulia kwamba mradi umefeli, walijua toka mwanzo kwamba njia iko mahali pa maji na maji yatakuja kuidai nafasi yake. Faida yenyewe ni hiyo, kwamba kilichozama ni njia, si chumba cha mtu.

Barabara ya Bagamoyo na upana wake ule, na njia ya mabasi ya mwendokasi katikati, mtoto atavukaje kwa juu? Chini ya daraja ndiyo jibu, ila mjipange kwa tope.

Bwana Afya Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya jamii miaka mingi, naomba niongee jambo lisilopendeza. Kutapisha vyoo.

Mnajua wote. Mvua kubwa ikianza usiku, watu wanatoboa chemba, mzigo unaondoka na maji. Wengine wana bomba la kudumu limefichwa kwenye ukuta wa nyuma, linatokea mtoni. Eneo kubwa la kwenu halina mtandao wa majitaka, gari la kunyonya linagharimu, na mto uko hapo bure. Mkiweka njia, mtu wa kwanza kutembea pale ataona bomba la nani linatoka wapi. Msishangae kwamba wapinzani wakali mkutanoni watakuwa watu wasiosema sababu yao halisi.

Mimi naunga mkono njia kwa sababu hiyohiyo. Ila msiwapeleke watoto pale kabla Bwana Afya wa kata hajapita nyumba kwa nyumba. Na taka nazo: kule Mlalakua walipoamua kuusafisha mto, Manispaa, Bodi ya Bonde na wadau binafsi, kazi haikuishia kuokota taka majini, ilibidi kupanga ukusanyaji mitaani. Mtaa ambao gari la taka halifiki, mto ndio gari lao.

Mama Wawili

Babu umemaliza. Mimi bomba langu haliendi mtoni, semeni wengine.

Haya, mniandike nakubali kwa masharti. Nyuma ya kwangu njia isibanane na ukuta, iwe umbali wa kutosha mtu asiweze kupanda. Vichaka vifyekwe lakini miti ibaki. Ipitwe na ulinzi shirikishi usiku. Na anayefagia awe mtu wa hapahapa tunayemjua, alipwe kwenye hela ya taka, hata kama ni kuongeza kidogo. Siku nikikuta bodaboda imepita pale nafunga kwa matofali mimi mwenyewe.

Mwana wa Bondeni

Bodaboda tutazuia kwa nguzo kila mwanzo wa njia, nafasi ya baiskeli na kiti cha magurudumu tu.

Nimechukua yote. Barua inabadilika hivi: tunaomba haki ya kupita, neno mita 60 halimo. Kipande cha kwanza ni kile cha njia ya wanafunzi, ambacho hakigusi nyumba ya mtu. Barua inaanzia mkutano mkuu wa mtaa, inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu Manispaa, nakala Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, baraza la taifa la mazingira, watuambie kama inahitaji tathmini ya mazingira. Kona ya Mzee inaombewa mawe ya nyavu kwa barua ya pili, isichanganywe na hii, tusije tukaambiwa tusubiri bajeti ya zote. Bwana Afya, naomba uje mkutanoni, ukiongea wewe watanyamaza.

Bikoni, unaweza kutusaidia kupita kuweka vigingi?

Bikoni

Naweza, kabla ya masika. Tutumie vigingi vya miti na kamba, visiwe vya chuma wala zege, na visipakwe rangi nyekundu hata kidogo! Pakeni nyeupe. Kila mwenye kiwanja awepo siku tunapita kwake, akikataa tunaruka kwake tunaendelea. Mkiweka kigingi mtu hayupo, jioni kimekuwa kuni.

Kijana wa Tipa

Na mchanga wa darajani mnaandika au mmeshatusahau?

Mwana wa Bondeni

Lete majina ya kikundi na katiba yenu kwa mtendaji kabla ya Ijumaa. Kama hamjasajiliwa anzeni na hilo, ofisa maendeleo ya jamii wa kata yupo Jumanne na Alhamisi.

Kijana wa Tipa

Tuko kumi na wawili. Katiba hatuna. Nani anajua kuandika?

Mama Wawili

Njoo PM. Ya kikoba chetu niliandika mimi.